Ala Yao Ni Watu

Tarehe 18 Oktoba 1964, mjini Roma, Papa Paulo VI aliwatangaza wafiadini 22 wa Uganda kuwa watakatifu. Mwaka huo huo, katika mji huo huo, ilichapishwa na kuimbwa kazi kubwa ya muziki iliyosimulia maisha na vifo vya wafiadini hao, maneno yake yakiwa ya Kiganda. Mtunzi wake alikuwa Joseph Kyagambiddwa, Mganda aliyezaliwa mwaka 1922. Kazi yenyewe inaitwa Uganda Martyrs African Oratorio. Oratorio ni ndugu wa opera: hadithi ndefu inayosimuliwa kwa nyimbo tangu mwanzo hadi mwisho, ina waimbaji wa peke yao na ina kwaya, ila hakuna mavazi ya maigizo wala mapazia. Waimbaji husimama mahali pamoja, na mbele yao husimama mtu mmoja asiyeimba.

Mtu huyo asiyeimba ndiye ninayetaka kumwelezea. Mimi naimba besi katika kwaya ya parokia hapa Kampala na nafundisha muziki shuleni, na kila mwaka wanafunzi huniuliza swali lile lile: Mwalimu, yule anayepunga mikono anafanya nini hasa? Wameona kwenye simu zao okestra za Berlin na Vienna, wameona mzee wa mvi akitolewa jukwaani kwa makofi na maua, nao wanashangaa kwamba mtu asiyetoa sauti hata moja ndiye anayeshangiliwa kuliko wote. Swali lao ni la haki. Nami hupenda kuwajibu kwa mifano ya hapa hapa, maana mji huu umewahi kuwa na oratorio, umewahi kuwa na opera, na umepata watu wa kuziongoza.

Chukua Namugongo, mahali ambapo mahujaji huwakumbuka wafiadini hao kila tarehe 3 Juni. Kila mwaka jimbo moja hupewa zamu ya kuongoza ibada, nalo huleta kwaya yake, mamia ya watu. Waimbaji hujipanga kwa upana, mahujaji wamejaa kuzunguka ziwa dogo lililo pale, na spika zimetawanywa kila upande. Sasa fikiria hesabu ya sauti. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Mwimbaji aliye mita 70 kutoka kwa ngoma huisikia ikiwa imechelewa takriban sehemu moja ya tano ya sekunde. Katika wimbo wa mwendo wa haraka kidogo, huko ni karibu nusu ya pigo. Akiimba kwa kufuata sikio lake, ataimba nyuma ya wenzake, na aliye nyuma yake atachelewa zaidi, na baada ya beti mbili wimbo umeshakuwa vipande. Niliposimama katika kwaya kubwa ya namna hiyo kwa mara ya kwanza, mwalimu alitupa agizo moja: sahauni spika, tazameni mkono. Mwanga hauchelewi. Mkono ukishuka, wa mbele na wa nyuma wanauona kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo kazi inapoanzia, katika kuwapa watu wengi saa moja. Lakini kama ingekuwa hiyo tu, mashine ingetosha. Mwongozaji mzuri huonyesha pumzi kabla ya sauti. Kabla ya pigo la kwanza huinua mkono, na katika kule kuinua tu waimbaji wanajua wimbo utakuwa wa haraka au wa taratibu, mzito au mwepesi, wa kilio au wa shangwe. Mkono wa kulia kwa kawaida hushika mwendo. Wa kushoto huwaambia alto wapunguze, tena waingie sasa, besi wasikate pumzi katikati ya neno. Na yote hayo huwa yameshaamuliwa siku nyingi kabla. Mchezaji wa fidla mbele yake ana karatasi ya sauti yake peke yake. Mwongozaji ana kitabu chenye sauti za wote, mistari ishirini au thelathini ikishuka ukurasa mmoja, naye anapaswa kuisikia yote kichwani kabla hata mtu mmoja hajashika ala. Asilimia kubwa ya kazi yake hatuioni: ni kusoma peke yake usiku, halafu kufanya mazoezi, kusimamisha, kurudia, kusikia ni nani kati ya watu themanini amekosea, na kumrekebisha bila kumvunja moyo.

Muziki wa hapa kwetu uliishi karne nyingi bila mtu huyo. Hilo nalisema kwa fahari. Katika marimba ya amadinda yenye vibao 12, wapigaji watatu huketi, wawili upande mmoja na mmoja upande wa pili. Wa kwanza, omunazi, huanzisha mkondo wake. Wa pili, omwawuzi, huingiza noti zake katika nafasi zilizo katikati ya noti za mwenzake. Wa tatu, omukoonezi, hukaa kwenye vibao viwili vya mwisho vya sauti nyembamba na kurudia huko juu noti fulani anazozisikia zikichomoza kutoka kwa wenzake. Kinachosikika ni wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga peke yake. Hakuna kifimbo hapo, hakuna mtu mbele. Kila mmoja anamwongoza mwenzake kwa sikio. Wanamuziki wa Kabaka, mfalme wa Buganda, pale ikulu ya Mengo walikuwa na nyimbo nyingi za namna hii, na mwalimu mkubwa wa mambo hayo, Evaristo Muyinda, alizifundisha katika Jumba la Makumbusho la Uganda, kwanza akiwa na mtafiti wa muziki Klaus Wachsmann, baadaye akiwa na Gerhard Kubik kutoka Austria aliyekuja kujifunza kwake.

Kwa hiyo Kyagambiddwa alipoamua kuandika oratorio, alikuwa na mizigo miwili mabegani. Upande mmoja ni muziki wa marimba na ngoma, ambao wapigaji wake husikilizana wenyewe. Upande wa pili ni kwaya ya sauti nne ya kikanisa, ambayo bila mwongozaji haiendi. Na alikuwa na lugha isiyosamehe. Kiganda kina toni: silabi ikipanda pasipo pake, neno hugeuka au hupotea. Nyimbo nyingi za kanisa zilizotafsiriwa na wamisionari ziliwekwa juu ya tuni za Ulaya bila kujali jambo hilo, na mababu zetu walikuwa wakiimba maneno yaliyopinda. Kyagambiddwa alifanya kinyume chake. Aliacha maneno yaongoze tuni, akazitumia skeli na miendo ya Kiganda, kisha akazipanga sauti za kwaya juu yake. Alikuwa ameijua kazi hiyo kwa undani: mwaka 1955 kitabu chake, African Music from the Source of the Nile, kilichapishwa New York, kikiwa na nyimbo za Buganda alizoziandika kwa nota.

Wakati nao ulimpendelea. Mwezi Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake ya liturujia iliyotaka muziki wa asili wa watu upewe heshima na nafasi katika ibada. Kabla ya hapo misa ilikuwa Kilatini. Chini ya mwaka mmoja baadaye wafiadini wetu wakatangazwa, na Kyagambiddwa alikuwa na kazi kubwa mkononi.

Nimeimba sehemu za oratorio hiyo, na naweza kueleza kwa nini ni mtihani kwa yeyote anayeiongoza. Ngoma ikianza, yenyewe ni bwana. Mpiga ngoma wa Kiganda hapokei mwendo kutoka kwa mtu, anautoa. Mwongozaji aliyesomea vitabu vya Ulaya akija na kifimbo chake akitaka kumvuta mpiga ngoma, watagombana mbele ya watu na kwaya haitajua imfuate nani. Mwongozaji mwenye busara huanza kwa kumtazama mpiga ngoma, huupokea mwendo mwilini, kisha huwapelekea waimbaji. Ni kazi ya mkalimani. Anapaswa pia kulijua kila neno, kwa sababu akilirefusha pigo kwa ajili ya uzuri wa sauti, anaweza kuwa amelirefusha neno likawa jingine. Nimewaona walimu wa kwaya wa Kampala wakifanya hivyo kwa karatasi za solfa zilizofifia kwa kunakiliwa mara nyingi, wakati mwingine umeme umekatika, nusu ya kwaya imekwama kwenye foleni ya magari. Mimi nawaweka watu hao katika daraja moja na wale tunaowaona kwenye video, kwa jambo moja la msingi: wanasikia kila sauti na wanaijua.

Lakini kusikia vizuri ni jambo moja, na kupanda ngazi ya kazi hii duniani ni jambo jingine. Ngazi yenyewe mara nyingi hupitia kwenye jumba la opera. Kijana huanza akiwa mpiga piano wa mazoezi. Anawafundisha waimbaji sauti zao mmoja mmoja, anajifunza Kiitaliano na Kijerumani, anajua ni wapi mwimbaji hukosa pumzi. Baadaye hupewa onyesho moja, mwongozaji mkuu akiumwa au akisafiri. Opera ndiyo shule kali kuliko zote. Okestra iko ndani ya shimo chini ya jukwaa, waimbaji wako juu wakitembea, wakipigana, wakifa, na kwaya wakati mwingine inaimba kutoka nyuma ya pazia. Mwongozaji peke yake ndiye anayewashika wote pamoja. Arturo Toscanini alikuwa mpiga selo wa miaka 19 katika kampuni ya opera ya Kiitaliano iliyokuwa Rio de Janeiro mwaka 1886. Kukazuka ugomvi kuhusu mwongozaji, watazamaji wakazomea, na yule kijana akasukumwa mbele. Aliiongoza Aida ya Verdi yote kwa kichwa. Usiku huo ndio ulioanzisha kazi yake ya kuongoza.

Wa siku zetu ninayependa kuwatajia wanafunzi wangu ni Kwamé Ryan. Alizaliwa Toronto mwaka 1970, akakulia Trinidad, akasoma Cambridge, akawa msaidizi wa mtunzi na mwongozaji Peter Eötvös. Mwaka 1999 alikabidhiwa uongozi wa muziki wa jumba la opera la Freiburg, Ujerumani. Kuanzia 2007 hadi 2013 aliongoza okestra ya taifa ya Bordeaux, Ufaransa, na sasa yuko Charlotte, Marekani. Kila hatua ilimpa kitu kimoja ambacho hakinunuliwi: okestra ya kuifanyia kazi. Mpiga fidla anaweza kufanya mazoezi chumbani kwake Ntinda. Mwongozaji hawezi. Ala yake ni watu themanini, na watu hao wanahitaji chumba, mshahara, viti na taa.

Hata penye okestra, mlango haukuwa wazi kwa kila mtu. Dean Dixon, Mmarekani mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1915, wazazi wake wakitoka Karibiani, aliwahi kuongoza okestra kubwa za kwao angali kijana, halafu milango ikafungwa. Mwaka 1949 aliondoka. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, lakini Dixon alitunzwa ugenini: Gothenburg nchini Uswidi, Sydney, na kwa miaka mingi okestra ya redio ya Frankfurt. Aliporudi kuongoza New York mwaka 1970 alikuwa na miaka 55. Alifariki mwaka 1976.

Kampala nayo ilikuwa na opera yake katika miaka hiyo. National Theatre ilifunguliwa mwaka 1959, na ndani yake akakua Byron Kawadwa, mwandishi na mwelekezaji wa michezo ya Kiganda. Mwaka 1970 ikatoka Makula ga Kulabako, opera ya mapenzi ya binti wa kifalme na kijana wa kawaida, muziki ukiwa wa Wassanyi Serukenya. Mwaka uliofuata wakaleta Oluyimba lwa Wankoko, hadithi ya fitina na kunyang'anyana utawala, ambayo watazamaji hawakuhitaji kuelezwa inahusu matukio gani. Ilikuwa imepita miaka michache tu tangu tarehe 24 Mei 1966, jeshi la serikali lilipovamia Lubiri, yaani ikulu ya Mengo, Kabaka akakimbilia uhamishoni, na wanamuziki wa ikulu wakatawanyika na ala zao. Yale ambayo Kyagambiddwa alikuwa ameshayaandika yakawa na thamani maradufu siku ile. Na yale ambayo Kawadwa na Serukenya waliyapandisha jukwaani, kwa ngoma na kwaya, yakawa njia ya watu kulia hadharani pasipo kukamatwa.

Mwanzoni mwa 1977 Wankoko ilipelekwa Lagos, kwenye FESTAC, tamasha kubwa la sanaa za Waafrika. Kawadwa alirudi Kampala akiwa na heshima ya bara zima. Muda mfupi baadaye watu wa usalama wa Idi Amin walimchukua, wakamuua. Alikuwa ndiye mkurugenzi wa National Theatre. Napita mbele ya jengo lile mara nyingi, na sidhani kama vijana wanaouza vinyago nyuma yake wanaambiwa kwamba mtu wa opera alitolewa hapo akaenda kufa.

Ukiuliza kwa nini Uganda haijatoa Toscanini wake, jibu kwangu liko katika miaka ile kuliko mahali pengine popote. Kazi hii inahitaji mfululizo: mwalimu, mwanafunzi, msaidizi, jukwaa lile lile mwaka baada ya mwaka. Kwetu mnyororo ulikatwa mara mbili, Mengo mwaka 1966 na National Theatre mwaka 1977. Vipaji vilikuwepo. George Wilberforce Kakoma, aliyesomea muziki London, alitunga wimbo wa taifa uliopandisha bendera Kololo usiku wa uhuru wa 1962. Justinian Tamusuza, aliyezaliwa 1951, aliandika muziki wa ala nne za nyuzi wenye roho ya Kiganda, na Kronos Quartet ya Marekani ikaurekodi katika albamu ya Pieces of Africa mwaka 1992. Watunzi hutoka hata katika shida, kwa sababu karatasi ni rahisi. Mwongozaji hatoki bila kundi.

Kundi linarudi polepole. Makerere ina idara ya muziki, ngoma na maigizo tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Kampala Music School ilifungua milango mwaka 2001, na watoto wanaojifunza fidla na selo hapo leo wana walimu Waganda. Kampala Symphony Orchestra ipo na inafanya maonyesho, wapigaji wake wengi wakiwa na kazi nyingine za kujipatia riziki. Na kuna jambo ambalo wageni hawalitegemei: wapulizaji tunao wengi. Bendi za tarumbeta husindikiza harusi zetu na mazishi yetu. M-Lisada, iliyoanzishwa mwaka 1996 na vijana waliokuwa wakiishi mitaani, imewatoa wapigaji waliojua nota kabla ya kujua kusoma gazeti. Ukimchukua kijana wa bendi kama hiyo, ukampa kitabu cha nota cha sauti zote na kwaya ya watu arobaini mara mbili kwa wiki kwa miaka mitano, utakuwa umeanza kumpata mwongozaji. Sijui njia fupi kuliko hiyo.

Nairobi wameshaonyesha mfano. Kule Korogocho, mradi wa Ghetto Classics ulioasisiwa na Elizabeth Njoroge umewafikisha watoto wa mtaa wa mabanda kwenye okestra ya vijana ya taifa. Kinshasa, Armand Diangienda, aliyekuwa rubani, alianzisha okestra ya Kanisa la Kimbangu mwaka 1994 kwa ala chache ambazo watu walipokezana. Akajifunza kuongoza akiwa mbele ya okestra hiyo hiyo, nao wakajifunza kupiga mbele yake. Wote wawili walianza na watu waliokuwapo.

Sisi tuna kitu ambacho wao hawana: kazi kubwa iliyo tayari, ya lugha yetu, iliyokwisha kusikika Roma. Vipande vya oratorio ya Kyagambiddwa huimbwa makanisani mwetu, lakini mimi, kwa miaka yote niliyoimba Kampala, sijapata kuisikia nzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Oktoba 2024 ilitimia miaka 60 tangu wafiadini watangazwe watakatifu. Walimu wa kwaya wa Rubaga, Nsambya na Namirembe, nawaomba mkae meza moja na wapigaji wa Kampala Symphony Orchestra na wapiga ngoma, mmchague kijana mmoja wa kuiongoza, na mmpe mazoezi ya mwaka mzima. Na wewe msomaji, ikiwa kabati la marehemu baba au shangazi yako lina karatasi za solfa za Kyagambiddwa au za Serukenya, usizitupe. Chuo Kikuu cha Makerere kina hifadhi ya muziki inayoitwa kwa jina la Klaus Wachsmann. Zipeleke huko zinakiliwe, kisha upewe zako urudi nazo nyumbani.